Chakula cha Mgonjwa

Siku waliponiaga pale Korogwe, hotuba zikiisha na pilau ikiisha, makatekista vijana walinizunguka wakiwa na swali. Hawakuuliza nilipandaje vyeo, na heri yao, maana katekista hana cheo cha kupanda: huanza akiwa katekista na humaliza akiwa katekista mzee. Mshahara nao tuuache, ulikuwa mdogo na sasa umekwisha. Waliniuliza nilikuwa nakula nini rohoni miaka yote ile hata nisikauke. Mmoja wao, ambaye hata viatu vyake vya kazi bado vipya, alisema akisoma Sala ya Asubuhi siku hizi anaona kama anatafuna makapi. Niliwajibu kwa utani, tukacheka, tukaachana. Jibu lenyewe nalileta sasa kwa kalamu, kwa sababu ni refu, na kulisema kwa mdomo siwezi.

Nilianza kazi Mazinde, Uhuru ukiwa bado mchanga, bendera mpya bado hazijapauka kwa jua. Kila upande uliogeukia ni mkonge, mistari kwa mistari mpaka chini ya milima. Nilikuwa kijana kutoka Magoma, nimefundishwa kusoma masomo kanisani, kuimbisha na kufundisha wanaotaka kubatizwa, na nilidhani hayo ndiyo yote. Nikakabidhiwa kwa Mwalimu Petro, katekista wa kambi za mkonge. Alikuwa mtu mfupi, sauti ya kukwaruza, na mikono yake bado ilikuwa na makovu ya miiba, kwa kuwa kabla ya kanisa kumwita alikuwa mkata mkonge kama wale aliowahubiria. Kanisa letu lilikuwa stoo ya zamani ya kamba. Kengele ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwarobaini.

Asubuhi ya kwanza Mwalimu Petro alipiga reli ile kabla king'ora cha kiwandani hakijalia. Hakuja mtu. Akavaa kanzu yake, akafungua kitabu, akasoma sala yote tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, na pale panapotakiwa watu waitikie alinyamaza akaningoja mimi niitikie. Kesho yake ikawa vile vile. Siku zilizofuata nazo vile vile, isipokuwa siku moja aliingia mbuzi. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu," nikamwambia, "samahani, lakini tunamsomea nani?"

Alifunga kitabu bila haraka. "Kwenu Magoma mnapika siku ya wageni tu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi."

Akaenda kunywa chai. Ndiyo theolojia yote niliyofundishwa na mzee yule. Yaliyobaki yalikuwa ufundi. Alinifundisha kwamba ukimtembelea mgonjwa kambini usianze na sala. Kaa kwanza, kisha tazama sufuria. Ikiwa sufuria ni tupu, kitabu kibaki mfukoni, nenda katafute unga. Alinifundisha kumzika mtu aliyekuja kukata mkonge kutoka mbali, ambaye hakuna anayejua kwao wala jina la mama yake, na kumzika kana kwamba ukoo mzima umesimama pale. Alinifundisha kuziba pancha, maana baiskeli ilikuwa mali ya kanisa lakini pancha zilikuwa mali ya katekista. Na nilipomlalamikia, kama mnavyolalamika ninyi, kwamba nasali bila kusikia kitu moyoni, alisema, "Mguu utangulie. Ukingoja moyo ndio utangulie, utakaa hapo mpaka uote mizizi."

Nikautanguliza mguu. Miezi ikapita. Sikuona maono wala sikusikia sauti, ila asubuhi moja nilikuwa na homa, nikalala, nikamsikia Mwalimu Petro akipiga reli bila mimi, na nikajikuta nina njaa. Si njaa ya ugali. Niliinuka nikijikokota nikaenda kuitikia. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuuliza tunamsomea nani.

Nilioa Magoma. Mke wangu aliitwa Rebeka, binti wa mkulima aliyekuwa na shamba la mpunga karibu na mfereji, na naye Rebeka alikuwa na kipande chake humo alichokipenda kuliko alivyopenda watu wengi. Alikuwa msemaji mzuri, mcheshi, na hakuwa mtu wa kulazimishwa. Mwanetu wa kwanza tulimwita Yohana, kwa hiyo mimi nikawa Baba Yohana na yeye akawa Mama Yohana, na miaka ile ya Magoma, nilipokuwa nimehamishiwa karibu na nyumbani, sina cha kuandika juu yake. Tulishiba. Watu walioshiba hawana habari nyingi.

Kisha vikaja vijiji vya Ujamaa. Siku moja Padre Danieli, padre wetu wa Korogwe, alifika kwa pikipiki yake akakaa uani kwetu. Alikuwa mtu mkavu wa maneno. Alisema huko Handeni watu wamehamishwa kutoka vitongoji vyao wakawekwa pamoja, na katika kijiji kimoja kuna Wakristo wachache hawana wa kuwakusanya. Je, ningekwenda? Nikasema nitakwenda. Nilisema upesi, kama mtu aliyeitwa jina lake. Rebeka alikuwa anamimina chai, akamaliza kumimina, akamkaribisha Padre. Padre alipoondoka ndipo akaniuliza.

"Baba Yohana, umeamriwa au umeombwa?"

"Nimeombwa."

"Na mimi nimeombwa na nani?"

Wito ulikuwa wangu, na niliupenda. Yeye hakuitwa na mtu, alifuata tu. Yohana tulimwacha kwa babu yake kwa ajili ya shule, kipande cha mpunga kikachukuliwa na dada yake Rebeka, tukapanda lori na magodoro yetu.

Kijiji kile kilikuwa nusu siku kwa baiskeli kutoka Handeni mjini, nyumba mpya zimepangwa mistari kama wanafunzi paredi, na katikati vumbi. Maji yalichimbwa mchangani, katika mto ambao muda mwingi wa mwaka haukuwa mto bali njia ya ng'ombe. Watu wake walikuwa Wazigua, Waislamu, na wengi wao hawakufurahia kuhamishwa zaidi ya alivyofurahia Rebeka. Labda ndiyo maana walituelewa. Jirani yetu, Bibi Mwanahawa, mjane mwenye ulimi mkali, alimfundisha Rebeka siku ya kwanza tu mahali pa kuchimba maji yasiyo na chumvi, na majani gani ya porini huliwa na yapi huachiwa mbuzi. Baada ya wiki chache walikuwa wakigombana na kucheka kama mtu na mama yake.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Omari, alinipa kiwanja cha kanisa mwisho wa mstari, mbali kidogo na msikiti ili, alivyosema, kengele na adhana zisigombee watu. Tukajenga banda la miti na nyasi. Kila tulipokutana alinitania.

"Mwalimu, leo walikuja wangapi?"

"Wawili, mzee."

"Pamoja na wewe?"

"Pamoja na mimi."

Haukuwa utani mtupu. Mwanzoni walikuwapo mganga wa zahanati na mama yake mzee, na familia mbili za walimu wa shule. Mmoja mmoja wakahamishwa, mama mzee akafariki, wengine wakakimbia njaa. Mwisho akabaki Rebeka. Kila asubuhi alirudi mtoni, akatua ndoo mlangoni, akaingia kanga ikiwa imelowa bega moja, akaitikia sala yote kwa sauti ya mtu ambaye tayari yuko kazini. Kisha akaichukua ndoo akaenda kupika. Niliposhiba asubuhi zile nilidhani nimeshibishwa na utii wangu. Ilinichukua muda kujua ni nani aliyekuwa akiipakua sahani.

Padre Danieli alikuja kila baada ya miezi kadhaa kusoma Misa. Vyombo vya Misa aliviacha kwetu katika sanduku la bati: vitambaa, mishumaa, na kopo dogo la mikate ile myeupe myembamba ambayo bado haijabarikiwa. Rebeka ndiye aliyelilinda sanduku lile na mchwa. Ninyi mnajua, lakini niandike kwa wasiojua: katekista hawezi kuibariki mikate ile. Anaweza kufundisha, kusalisha, kuzika, hata kubatiza mtoto anayekufa, lakini Sakramenti, mikate ile ikishabarikiwa kuwa mwili wa Bwana, ni ya padre. Kabla haijabarikiwa ni unga na maji.

Na kuna jambo jingine la desturi. Enzi zile padre akibeba Sakramenti kumpelekea mgonjwa, aliifunga katika kifuko shingoni na hakusema na mtu njiani. Hakusalimu, hakuitikia salamu. Mara ya kwanza Padre Danieli alipopita hivyo kijijini kwetu, akienda kwa mama wa mganga, aliacha pikipiki njia panda akatembea kwa miguu, na watu wakamwamkia, "Shikamoo Padre," naye akapita kama mti. Mnajua maana ya kunyima salamu Handeni. Jioni ile ile malalamiko yalikuwa yamefika kwa mwenyekiti, kwamba padre wetu ana kiburi, amewadharau wazee. Nikaitwa mkutanoni kueleza. Nikaeleza kadiri nilivyoweza.

Mzee Omari alisikiliza, akafikiri. "Kwa hiyo alikuwa amebeba chakula cha mgonjwa."

"Ndiyo, mzee."

"Nacho kikibebwa, hakuna soga."

"Ndiyo."

"Basi imekwisha. Akipita vile asisemeshwe na mtu. Atakayemsemesha atapalilia shamba la kijiji peke yake." Watu wakacheka, lakini amri waliishika. Walikuwa watu wa kushika amri wakiona maana yake.

Ukaja mwaka wa ukame. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Tukala bada, ugali wa muhogo, mpaka muhogo ukaisha, tukala unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na majani ya Bibi Mwanahawa. Rebeka alikuwa na namna ya kusema ameonja jikoni. Siku hizo niliamini, kwa kuwa wanawake wote wa kijiji walikuwa wameonja jikoni. Halafu masika yakaja kwa mkupuo, mvua ya mwaka mzima ikimwagwa kwa siku chache, naye hakuwa na nyama mwilini ya kupigana na homa. Ilianza kichwani, ikashuka kifuani.

Zahanati ilikuwa wazi lakini tupu. Mganga amehama na wa kumrithi hajafika. Mzee Omari akakusanya vijana wa kazi, wakamlaza Rebeka kwenye kitanda cha kamba wakambeba kwenda kukutana na lori barabarani. Bibi Mwanahawa alitembea ubavuni akimkinga uso kwa kanga. Tulifika mtoni. Ile njia ya ng'ombe ilikuwa maji mekundu, yakipita na miti mizima. Tulisimama pale mvuani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Mwisho Rebeka mwenyewe ndiye aliyesema.

Alipolazwa tena nyumbani aliomba kitu kimoja. "Niitie Padre. Nataka kula kabla sijaondoka."

Mkwe wa Mzee Omari, Saidi, alikuwa mwogeleaji. Akaufuata mto kuelekea juu mpaka unapobana, akavuka, akashika njia ya Korogwe kwa miguu na ujumbe wa maneno: mke wa mwalimu anaomba chakula cha mgonjwa. Tukaanza kungoja. Kila aliyeingia Rebeka alimtazama usoni, aone kama ni Padre, kisha akafumba macho. Hakuomba dawa. Hakuomba hata kumwona Yohana, nadhani ili asiniumize. Aliomba kile tu.

Bibi Mwanahawa alivumilia siku ya kwanza. Ya pili akanivuta uani.

"Mwalimu, ile mikate si imo sandukuni? Mimi nimeiona, alinionyesha mwenyewe."

"Imo, bibi. Lakini haijabarikiwa."

"Mpe. Atajua nini? Mgonjwa hanyimwi."

"Atadhani ni Sakramenti, bibi, na sivyo."

"Atakufa ameshiba. Wewe unataka afe na njaa ili sheria yako ipone." Alikuwa analia kwa hasira. "Kakufuata huku kwenye vumbi, kalala na njaa, na wewe una chakula sandukuni unamnyima. Dini gani hii, mwalimu?"

Sikumpa. Nilijua kumpa kungekuwa uongo, na nilijua pia kwamba mtu yeyote mwenye moyo angempa. Rebeka alikuwa amesikia, kuta zile za udongo hazikuficha kitu. Nilipoingia alikuwa macho.

"Haijabarikiwa, siyo?"

"Bado."

"Basi ni biskuti." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamzuia. "Acha, nitamngoja Padre. Niambie kweli tu, Baba Yohana. Mto umeshuka?"

"Haujashuka."

Akageuzia uso ukutani. Bibi Mwanahawa aliendelea kumwosha na kumgeuza, lakini mimi hakunisemesha tena. Na kama mnataka kujua iwapo utii ulinilisha siku zile, hapana. Nilisali sala zangu zote na nikaondoka na njaa ile ile. Nilimkasirikia Mungu, nikamkasirikia Padre, nikakasirikia mto, na sikuacha kusali, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya asubuhi.

Sikuenda bandani tena. Nilisoma kitandani pake ili aitikie. Asubuhi ya mwisho aliitikia mwanzo, kwa pumzi. Zaburi ilipoanza alinyamaza, nikadhani amepitiwa na usingizi, nikapunguza sauti nisimwamshe, nikaendelea. Mkono ukaja juu ya ukurasa. Bibi Mwanahawa alikifunga kitabu kikiwa mikononi mwangu, kisha akamfumba Rebeka macho.

Kaburi lilichimbwa na Waislamu wa kijiji kile, kwenye udongo uliokuwa ukirudi shimoni kadiri walivyoutoa. Walisimama mvuani nikiwasomea maneno wasiyoyajua. Nimezika watu wengi kazini. Mwalimu Petro alinifundisha kusimama kama ukoo wa marehemu, lakini hakunifundisha cha kufanya ukiwa wewe ndiye ukoo.

Padre Danieli alifika kesho yake mchana. Saidi alikuwa amemfikishia habari, akatoka saa ile ile, akakesha ng'ambo akingoja maji yapungue, akavuka yakiwa kifuani. Alipita kijiji kizima kwa miguu, kanzu imeganda matope, mkono mmoja umeshika kifuko shingoni. Na watu walimwona. Walitoka milangoni, wanaume wakavua kofia, akina mama wakawanyamazisha watoto, wakasimama kando ya njia. Kila mmoja alijua kwamba Rebeka amezikwa jana. Kila mmoja alijua kwamba aliyebeba chakula cha mgonjwa hasemeshwi. Mzee Omari mwenyewe, waliniambia baadaye, alifungua mdomo, akaufunga. Kwa hiyo Padre alipita katikati yao kwa heshima yao yote, akiamini anamwahi.

Akainama mlangoni, akatamka salamu ya amani kwa nyumba. Ndipo akaona kitanda kimesimamishwa ukutani.

"Yuko wapi?"

"Tulimzika jana, Padre."

Akakaa chini kizingitini. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika. "Mbona hawakuniambia? Nimepita watu wote wale."

"Wamekatazwa."

"Na nani?"

"Na sisi," nikamwambia.

Akainuka, akafungua kifuko, akatoa kikopo kidogo alichobebea Sakramenti. Aliniambia nipige magoti. Nilielewa: Sakramenti iliyoletwa kwa mgonjwa lazima iliwe, na yeye hakuwa na hakika kwamba mto ule utamrudisha salama. Lakini magoti yalikataa.

"Hiki si changu," nikasema. Sauti ilinitoka vibaya, kubwa kuliko inavyostahili kwa padre. "Ni cha Rebeka. Nilimnyima mimi. Mikate ilikuwa humo sandukuni, na nilimnyima kwa sababu ya utii, akafa ananiuliza habari za mto. Leo nile mimi?"

Padre Danieli hakunikemea. Alikuwa analia bila kujifuta. "Alishinda na njaa kwa ajili ya wito wako, Samweli," akasema. "Leo wewe ule kwa ajili yake."

Nikapiga magoti. Nikala chakula cha mke wangu. Sikuona faraja, na sitawadanganya kwamba ilinijia hapo. Kilinata kooni, kikakataa kushuka. Nilikuwa sijala wala kunywa tangu mazishi. Nikabaki nimeinama, siwezi kumeza wala kutema, nikasikia mtu anaingia. Alikuwa Bibi Mwanahawa, ameshika kata ya maji. Alichuchumaa mbele yangu, akaniinua kidevu kama mtoto anayenyweshwa dawa.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Kiteremshe. Ni chake hicho."